Mdhibiti Hakumzaa Parajanov

Wapenzi wa sinema za zamani wakikaa kuzungumza, haichukui muda kabla hujaisikia hoja hii: bila mkono wa chuma wa Umoja wa Kisovieti, zisingekuwapo zile filamu zinazosifiwa hadi leo. Msanii akibanwa, wanasema, ndipo akili yake inapofunguka. Akinyimwa maneno ya wazi hubuni picha, na akifungwa hutoka na kina ambacho aliye huru hakifikii. Dhahabu, wanatukumbusha, hupitishwa motoni. Ukiwadai mfano, jina la kwanza kuwatoka ni la Sergei Parajanov, Muarmenia mzaliwa wa Tbilisi aliyekatwa filamu zake, akafungwa, akatoka, na leo anatajwa katika safu moja na wakubwa wa fani hiyo duniani kote.

Hoja hii imeenea kwa sababu ina sura ya heshima. Inaonekana kumsifu aliyeteswa. Ukiichunguza, hata hivyo, utakuta nusu ya sifa amepewa mtesaji: yeye ndiye aliyewasha moto, kwa hiyo na yeye ana fungu lake katika dhahabu. Naipinga yote, na sihitaji nadharia ya kuipingia. Kalenda ya maisha ya Parajanov mwenyewe inatosha, kwa kuwa hoja ya moto na dhahabu inaweza kupimwa. Kama ubanwaji ndio uliozaa kazi zake, basi miaka aliyobanwa sana ndiyo ingekuwa miaka ya mavuno, na miaka aliyoachiwa ingekuwa ya ukame. Tuitazame miaka hiyo mmoja baada ya mwingine.

Parajanov alizaliwa Januari 9, 1924. Baba yake alifanya biashara ya vitu vya kale, na mtoto alikua akiona mazulia, vito na vyombo vya fedha vikiingia na kutoka nyumbani. Alisomea uimbaji kwanza, kisha mwaka 1945 akaenda Moscow kujiunga na VGIK, chuo cha taifa cha sinema, chini ya mwalimu Igor Savchenko. Alipohitimu alifanya kazi Kyiv, katika studio ambayo baadaye ilipewa jina la Dovzhenko. Kati ya 1954 na 1962 alitoa hapo filamu ndefu nne: Andriesh, Kijana wa Kwanza, Rapsodia ya Ukraine na Ua Juu ya Jiwe.

Hizo ndizo filamu alizotengeneza akiwa ametii. Alifuata uhalisia wa kijamaa, kanuni iliyotaka kila hadithi ioneshe mfanyakazi shujaa, chama chenye busara na kesho yenye neema. Kijana wa Kwanza inatupeleka kwenye shamba la ushirika, Ua Juu ya Jiwe kwenye mji wa wachimba makaa ya mawe. Hakuna aliyezifungia. Parajanov mwenyewe baadaye alizikana na kuziona takataka. Leo wanaozitazama ni watafiti wanaotaka kujua alianzia wapi. Miaka minane ya kutembea ndani ya mstari, na hilo ndilo zao. Moto ulikuwapo kwa muda wote huo. Dhahabu iko wapi?

Kisha hali ikalegea. Hotuba ya Khrushchev ya mwaka 1956 dhidi ya Stalin ilifungua mlango, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 studio zilianza kuthubutu. Mwaka 1962 Andrei Tarkovsky, mdogo kwa Parajanov kwa miaka minane, alitoa Utoto wa Ivan, na Parajanov alikiri kwamba filamu hiyo ndiyo iliyomwamsha. Zingatia ni nini kilichomwamsha: kazi ya mwenzake aliyepewa nafasi ya kupumua. Barua za karipio kutoka wizarani alizipata nyingi maishani mwake, na hakuna hata moja iliyomfanyia kazi hiyo.

Nafasi yake ilikuja kupitia shughuli ya kiserikali kabisa. Studio ya Kyiv ilihitaji filamu ya kuadhimisha miaka 100 tangu kuzaliwa kwa mwandishi Mykhailo Kotsiubynsky, naye akapewa riwaya fupi inayohusu Wahutsul, watu wa milima ya Karpati. Alikwenda kuishi nao. Filamu iliyotoka mwaka 1965, Vivuli vya Wahenga Waliosahauliwa, inaanza kwa mti mrefu unaokatwa msituni, na mtazamaji anashuka na mti huo, akimwona kutoka juu yule ndugu anayekuja kuangukiwa. Baadaye shoka linapomshukia baba, farasi wekundu wanaruka mbele ya macho yetu mahali ambapo tulitarajia damu. Mpigapicha Yuri Ilyenko aliizungusha kamera kwa namna ambayo sinema ya Kisovieti haikuzoea. Wahusika wanazungumza lahaja ya Kihutsul, na Parajanov alikataa filamu itiwe sauti za Kirusi. Ilipata tuzo katika tamasha la Mar del Plata, Argentina, mwaka huohuo.

Hiyo ndiyo filamu yake kubwa ya kwanza. Ilitungwa na kupigwa katika kipindi ambacho kamba ilikuwa imelegezwa kuliko wakati wowote katika miaka 30 iliyotangulia. Hakuna namna ya kuisoma kalenda hiyo ikasema vinginevyo.

Kamba ikakazwa tena. Khrushchev aliondolewa Oktoba 1964, na katikati ya mwaka uliofuata wasomi wa Ukraine wakaanza kukamatwa. Usiku wa Septemba 4, 1965, Vivuli ilipooneshwa katika jumba la sinema la Ukraina mjini Kyiv, mhakiki Ivan Dziuba alisimama mbele ya hadhira na kuwatangazia habari za wenzao waliokamatwa. Tangu usiku huo filamu ikawa na doa la kisiasa, na mwongozaji wake vivyo hivyo. Mradi uliofuata, Michoro ya Kyiv, ulisimamishwa mwaka 1966 ukiwa bado kwenye majaribio ya waigizaji. Kilichobaki ni vipande vya dakika zisizotimia 20. Mwaka 1968 Parajanov alitia saini barua ya watu 139 kwa viongozi wa Moscow, ya kupinga kesi za siri dhidi ya wapinzani. Kyiv ikawa haimwelekei tena.

Kazi aliipata Yerevan, ambako studio ya Armenfilm ilimpa nafasi ya kutengeneza filamu juu ya Sayat-Nova, mshairi wa karne ya 18 aliyetunga kwa Kiarmenia, Kigeorgia na Kiazabajani. Kazi ilikamilika mwaka 1969. Watetezi wa udhibiti hupenda sana kuitaja filamu hii, kwa hiyo tuone udhibiti uliichangia nini. Wakubwa walisema haielezi maisha ya mshairi kama wasifu unavyopaswa, wakaamuru jina la Sayat-Nova liondolewe kwenye kichwa. Ndipo ikaitwa Rangi ya Makomamanga. Maandishi ya kugawa sura yakaandikwa upya. Kwa ajili ya maonesho nje ya Armenia, mwongozaji mkongwe Sergei Yutkevich alipewa kazi ya kuikata na kuipanga upya, ikatoka fupi zaidi. Kuna wanaosema Yutkevich aliiokoa isitupwe kabisa, na huenda ni kweli. Lakini aliiokoa kutoka kwa nani? Mwaka 2014 filamu ilipokarabatiwa, wakarabati walijitahidi kurudi karibu na toleo la Armenia, yaani walifanya kazi ya kuufuta mkono wa mdhibiti kadiri walivyoweza. Hakuna aliyependekeza makato yale yahifadhiwe kwa kuwa yameongeza kina.

Baada ya 1969 tunaingia katika kipindi ambacho, kwa hoja ya moto na dhahabu, kingepaswa kuwa cha neema kubwa. Januari 1972 likapita wimbi jipya la kukamata wasomi wa Ukraine. Parajanov alikuwa amekwisha kuwaudhi wakubwa kwa hotuba yake mjini Minsk Desemba 1971, alipowasema waziwazi mbele ya vijana. Desemba 1973 alikamatwa Kyiv, na mwaka 1974 akahukumiwa miaka 5 katika kambi ya kazi. Alitumikia minne. Alipotoka Desemba 1977 hakuruhusiwa kurudi kuishi Kyiv, akaenda kwenye nyumba ya wazazi wake Tbilisi, bila kazi. Februari 1982 akakamatwa tena na kuwekwa ndani kwa miezi kadhaa. Hapo moto uliwaka kwa kiwango chake cha juu kabisa. Na filamu alizotoa kati ya 1969 na 1984? Hakuna hata moja. Alikuwa na miaka 45 alipomaliza Sayat-Nova na miaka 60 aliporudi nyuma ya kamera. Umri ambao waongozaji wengi hutoa kazi zao zilizokomaa, yeye aliutumia akishona magunia kambini na kusubiri simu ya studio ambayo haikulia.

Ukame huo uliishaje? Kamba ilipolegezwa. Georgia ilikuwa chini ya Eduard Shevardnadze, ambaye hakuwa na hamu ya kumwandama msanii huyo kama wenzake wa Kyiv, na studio ya Tbilisi ikamruhusu kuongoza Hekaya ya Ngome ya Suram akishirikiana na mwigizaji Dodo Abashidze. Ilitoka mwaka 1985. Gorbachev alipoingia madarakani na milango kufunguka zaidi, ikafuata Ashik Kerib mwaka 1988, aliyoitoa kwa kumbukumbu ya Tarkovsky.

Kwa hiyo kalenda inasema hivi: akitii, filamu dhaifu, akilegezewa, Vivuli, akipewa nafasi Armenia, Sayat-Nova, ambayo ikakatwakatwa, akikabwa, hakuna, akilegezewa tena, Suram na Ashik Kerib. Mtu anayeiangalia orodha hii na kuhitimisha kwamba udhibiti ndio uliomkuza, ajue ameipindua.

Watetezi wakibanwa hapo huhamia kwenye hoja ya pili. Wanasema: sawa, lakini ile lugha yake ya picha, zile taswira zilizosimama kimya, makomamanga yanayovuja wekundu juu ya kitambaa cheupe, yote hayo ni mafumbo aliyolazimika kuyabuni ili mdhibiti asimwelewe. Bila mdhibiti asingefumba.

Hoja hii inapendeza kwetu tuliolelewa na ushairi wa mafumbo, tunaojua namna shairi la mapenzi linavyoweza kumsema mtawala. Ila kwa Parajanov haishiki. Fumbo la kisiasa kazi yake ni kupita. Mtunzi hulifunika jambo ili mkubwa asilione na msikilizaji aling'amue. Sasa lugha ya Parajanov ilimpitisha wapi? Lugha hiyohiyo ndiyo iliyomtia matatani. Wakubwa hawakulalamika kwamba Sayat-Nova imeficha ujumbe wa uasi. Walilalamika kwamba haieleweki, haielezi wasifu, na mfanyakazi wa kawaida haitamfaa. Kama alikuwa anataka kupita, njia aliijua tangu 1954: angepiga Kijana wa Pili.

Lugha ile ilitoka kwingine, na ukiitazama Sayat-Nova kwa makini utaona ilikotoka. Chukua onesho la mwanzoni, baada ya mvua kubwa kuingia ndani ya monasteri. Vitabu vya kale vimelowa. Watawa wanavibeba, vinakamuliwa maji kwa mawe, kisha vinatandazwa kwenye mapaa na kingo za kuta vikauke. Mtoto, ambaye atakuwa mshairi, amelala katikati ya vitabu hivyo wakati upepo unazipeperusha kurasa zote kwa pamoja. Kamera haisogei. Watu wamepangwa wima, uso kwa uso na mtazamaji, kama walivyopangwa kwenye michoro midogo ya Injili za Kiarmenia na kwenye picha za Waajemi, ambako hakuna anayejifanya hajui kuwa anatazamwa. Huo ni urithi wa karne nyingi za Kaukazi, umeshikwa na mtu aliyekulia kwenye nyumba ya vitu vya kale na kujua uzito wa zulia na kombe la fedha kwa kuvigusa. Mdhibiti wa Moscow hakuwamo katika urithi huo. Kumpa sifa ya kuuzaa ni kumnyang'anya Muarmenia ustaarabu wake na kumkabidhi karani.

Hoja ya tatu inahusu gereza lenyewe, na ndiyo inayonichoma zaidi. Parajanov akiwa kambini alichora, akatengeneza kolaji na wanasesere wa nguo za magunia, na alichukua vifuniko vya karatasi ya bati vya chupa za maziwa akavichora kwa msumari nyuso za watu na nembo, vikawa kama sarafu za kale. Kazi hizi ziko Yerevan, katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1991 katika nyumba iliyojengwa kwa ajili yake, ambayo hakuwahi kuishi. Mgeni huzitazama, akastaajabu, akasema: tazama, gereza halikumshinda.

Na mimi nastaajabu. Lakini hebu tukitazame kifuniko hicho kwa jicho la mtu wa kazi. Huyu ni mwongozaji aliyepanga farasi, kondoo, watawa na wanakijiji ndani ya fremu moja. Aliyemfanya Sofiko Chiaureli, mwigizaji mmoja, kuwa mshairi kijana na mpenzi wake katika filamu ileile. Aliyechagua mwenyewe kila kitambaa. Sasa nafasi yake yote ya kazi ni bati la upana wa sentimita chache, na zana yake ni msumari. Ukubwa wa mtu unaonekana pale, hilo sikatai. Vilevile unaonekana ukubwa wa wizi. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti, na ni rahisi kwa mgeni aliyelipa kiingilio kuusifu mfungo ambao hakuufunga.

Watetezi wa hoja hii wakiwa wa huku kwetu, huniletea majina mawili. Abdilatif Abdalla, wanasema, alifungwa kwa kijikaratasi cha Kenya: Twendapi? akatutungia Sauti ya Dhiki gerezani, diwani iliyochapishwa mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharabainĩ juu ya karatasi za chooni katika gereza la Kamiti. Je, hilo si gereza lililozaa?

Nina majibu mawili. La kwanza, Abdilatif aliingia gerezani akiwa mshairi tayari, kutoka katika nyumba ya washairi wa Mombasa, na Ngũgĩ aliingia akiwa mwandishi mwenye riwaya nne za kujulikana. Serikali haikuwapa kipaji. Iliwakuta nacho, ikajaribu kukizima, ikashindwa. Kushindwa kwa mwizi hakumfanyi mfadhili. La pili, na hapa ndipo sinema inapotengana na fasihi: mshairi anaweza kutunga kichwani na kuhifadhi moyoni, mwandishi anatosheka na kalamu ya kuiba na karatasi yoyote. Filamu haitungwi hivyo. Inahitaji kamera, mikanda, taa, waigizaji, maabara ya kusafisha mikanda, mhariri, na fedha za kuwalisha watu wote hao kwa miezi. Katika Umoja wa Kisovieti vyote hivyo vilikuwa mali ya dola. Hapakuwa na studio ya pembeni wala mchapishaji wa siri. Waandishi wa Moscow waliweza kunakili vitabu vilivyopigwa marufuku kwa taipureta na kupitishiana mkononi. Mwongozaji hakuwa na njia hiyo. Ukimfungia kamera umemfungia pumzi. Ndiyo maana Kamiti ilitoa riwaya, na kambi za Ukraine hazikutoa filamu ya Parajanov hata ya dakika moja.

Wapo pia wanaosema tusichanganye mambo: Parajanov hakufungwa kwa ajili ya filamu, alifungwa kwa makosa ya jinai. Ni kweli kwamba hati ya mashtaka haikuitaja sinema. Mashtaka yalibadilika njiani, mpaka hukumu ikasimama juu ya mahusiano ya kimapenzi na wanaume na kusambaza picha za ngono. Sheria dhidi ya mahusiano hayo ilikuwa kwenye vitabu vya Kisovieti tangu miaka ya 1930, na polisi wa siri waliitumia kama kamba iliyofichwa mlangoni: inavutwa pale anapopita mtu anayetakiwa aanguke. Parajanov aliishi Kyiv karibu miaka 20, akiwa mtu wa wazi kupindukia, mlango wake haufungwi, mdomo wake hauzibwi. Kesi ikaja baada ya barua ya 1968, baada ya Minsk, baada ya wimbi la 1972. Mwaka 1982 mtego ukawa rushwa: alidaiwa kutaka kuhonga ili mpwa wake apate nafasi chuoni. Hiyo ilikuwa miezi michache baada ya kuzungumza kwa ukali katika ukumbi wa Taganka, Moscow, kwenye mchezo wa kumkumbuka mwimbaji Vladimir Vysotsky.

Lakini hata tukiwapa watetezi yote wanayoyataka, wakabaki na kila shtaka mkononi, lipo swali moja ambalo sijasikia likijibiwa. Adhabu ya kesi ya kwanza iliisha Desemba 1977, baada ya mshairi Mfaransa Louis Aragon, aliyekuwa kipenzi cha Moscow, kumwombea kwa kiongozi wa Kisovieti, Brezhnev, ana kwa ana. Kabla ya hapo Tarkovsky alikuwa ameandika barua ya kumtetea, na wakubwa wa sinema wa Ulaya, akiwamo Fellini, Godard na Truffaut, walipaza sauti. Basi mfungwa akatoka. Hakuna kifungu cha sheria ya jinai kinachosema aliyemaliza kifungo asiongoze filamu. Kama kosa lilikuwa la jinai na adhabu imetumikiwa, mbona kamera haikurudi mpaka 1984? Miswada alikuwa nayo. Studio zilikuwapo. Jibu ni kwamba kifungo cha kambini kilikuwa na tarehe ya mwisho, na kile cha kazini hakikuwa nayo.

Nije kwenye hoja nzito kuliko zote, ambayo haistahili kubezwa. Inasema: dola ya Kisovieti ndiyo iliyolipa. Filamu kama Sayat-Nova, isiyo na nyota wa tiketi wala mazungumzo, hakuna tajiri wa Hollywood ambaye angeigharamia. Dola hiyo ilisomesha bure hata vijana wa Afrika. Ousmane Sembène alijifunza kazi Moscow katika studio ya Gorky, na Souleymane Cissé na Abderrahmane Sissako wote walipita VGIK. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Nakubali kila jambo hapo isipokuwa hitimisho. Ni kweli fedha za umma ziliwezesha sinema ambayo soko lisingeitazama mara mbili, na anayedai soko huria lingemtunza Parajanov naye anajidanganya. Ila fedha na udhibiti ni mambo mawili, hata yakitoka katika jengo moja. Shule ilifundisha, studio ililipa, mdhibiti alikata. Sembène aliondoka Moscow na ufundi. Hakuhitaji kuondoka na mkasi wa wizara, na Senegal ilipoizuia filamu yake ya Ceddo, hakuna mtu mwenye akili aliyesema zuio hilo limemwongezea ufundi. Ushahidi kwamba viwili hivyo hutengana upo Tbilisi: mwaka 1984 dola ilikuwa ileile, fedha zilikuwa za umma vilevile, studio ileile. Kilichobadilika ni kwamba mkubwa mmoja aliamua kutovuta kamba. Filamu ikapatikana.

Na tusisahau namna udhibiti huo ulivyofanya kazi, maana wengi hufikiri ni mtu mmoja mwenye muhuri mwishoni mwa safari. Wazo la filamu lilianza kwa baraza la studio, likapanda kwenye kamati ya jamhuri, likaenda Goskino, kamati ya dola ya sinema, mjini Moscow. Mswada ulirudishwa ukiwa na maelekezo, ukapanda tena. Majaribio ya waigizaji yalikaguliwa. Hapo ndipo Michoro ya Kyiv ilipouawa. Filamu iliyokamilika ilikaguliwa, ikakatwa, ikakaguliwa tena. Hata ikipita, ofisi ndiyo iliyoamua zitolewe nakala ngapi na zipelekwe wapi. Nakala chache katika kumbi za pembezoni, na filamu imekufa bila mtu yeyote kutamka kwamba imefungiwa.

Parajanov angalau alikuwa na jina la kumtetea. Aleksandr Askoldov alimaliza filamu yake ya kwanza, Kamishna, mwaka 1967. Ikafungiwa, naye akafukuzwa katika chama na katika kazi. Ilipooneshwa Berlin mwaka 1988 ilipata Dubu wa Fedha. Askoldov alifariki mwaka 2018 bila kuongoza filamu ya pili. Kwa maneno ya watetezi wa moto, huyu naye alipitishwa motoni. Watuoneshe basi alichotoka nacho. Mwongozaji mwingine, Kira Muratova, alimaliza Maagano Marefu mwaka 1971, na watu wakaiona mwaka 1987. Sehemu ya pili ya Ivan wa Kutisha ya Sergei Eisenstein ilizuiwa mwaka 1946 na kuachiwa 1958, miaka kumi baada ya mwongozaji kuzikwa. Mei 1986, mkutano mkuu wa chama cha watengeneza filamu ulipomchagua mwongozaji Elem Klimov kukiongoza, iliundwa kamati ya kuzipitia filamu zilizokuwa zimewekwa rafuni, na moja baada ya nyingine zikaanza kutoka. Rafu hiyo, hata hivyo, ilikuwa na filamu zilizopigwa tu. Zile zilizouawa zikiwa mswada, na zile ambazo mwandishi alijikata mwenyewe kabla hajaandika, hazina rafu ya kufunguliwa. Anayesema udhibiti ulizaa kazi bora anahesabu waliovuka mto na kusahau kuwa mto ulikuwa na waliozama.

Parajanov mwenyewe hakuvuka wote. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa na mswada wa Ungamo, filamu juu ya utoto wake Tbilisi, juu ya wafu wa mtaa wao na makaburi yaliyofukuliwa. Aliusubiria miaka 20. Mwaka 1989, uhuru ukiwapo, fedha zikiwapo na jina likiwa limetakata, alianza kuipiga kwenye nyumba ya wazazi wake. Baada ya siku chache aliugua, na hakurudi tena kazini. Saratani ya mapafu ilimuua Yerevan, Julai 20, 1990, akiwa na miaka 66. Vipande vya Ungamo viko katika filamu ya rafiki yake Mikhail Vartanov, Parajanov: Masika ya Mwisho.

Kwa nini nibishane juu ya mambo ya Kyiv na Tbilisi? Kwa sababu hoja ya moto na dhahabu haiishii kwenye historia. Kila ofisi inayokata filamu, popote ilipo, hufarijika ikisikia kwamba msanii wa kweli hazimwi na mkasi. Ina maana mkasi hauna madhara. Na kila shabiki anayeirudia hoja hiyo, kwa nia njema kabisa, anaisaidia ofisi hiyo kulala usingizi. Tukitaka kumheshimu Parajanov, tuzitazame filamu zake, tumsifu yeye, na tuache kumgawia sifa aliyemfunga.

Aliongoza filamu ndefu nane. Nne za mwanzo, zile za utii, alizikana. Zimebaki nne, kwa mtu aliyeshika kazi hiyo karibu miaka 40. Anayeona udhibiti ulimfaa, atuambie kwanza ni filamu ngapi alituibia.